"Si kama ulivyoeleza": kutafuta chanzo cha malalamiko unapouza vitu vya zamani mtandaoni

Kikombe chenye ufa kina mnunuzi wake. Redio isiyolia ina wake, na hata kiti kilichopungukiwa mguu huwa na fundi anayekitafuta. Kinachorudishwa ni kikombe ambacho ufa wake uliandikwa "alama ndogo za umri". Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye lalamiko la mnunuzi na kurudi nyuma hadi kwenye tangazo: tafuta lalamiko linalofanana na lako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo ya kawaida zaidi, kisha shuka.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: tochi, rula na tepu ya kupimia, lenzi ya kukuzia mara 10, kitambaa cheupe cha pamba, na taa ya urujuanimno ya nanomita 365 au 395. Taa hiyo usiielekeze machoni.

## Lalamiko: "Hali yake si ile uliyoandika"

Hili ndilo linalorudi kuliko yote, na karibu kila mara chanzo chake ni kimoja kati ya hivi vinne.

Sifa zimechukua nafasi ya vipimo. "Hali nzuri sana", "imetunzwa vizuri", "nzuri ukizingatia umri wake". Maneno haya ni hukumu ya muuzaji, na mnunuzi ana hukumu yake. Kagua hivi: soma tangazo lako na ufute kila neno la sifa. Kilichobaki kikiwa ni jina la kitu na rangi yake tu, umeshapata tatizo.

Kila kasoro ina mambo manne ya kusemwa: ni nini, iko wapi, ina ukubwa gani, na inazuia nini. Badala ya "sahani ina kasoro ndogo ukingoni", andika: "Ukingo umemeguka sehemu moja, penye namba 4 ukiiwazia sahani kama uso wa saa, upana milimita 3, kina chini ya milimita 1. Ukipitisha kidole unaihisi. Haionekani sahani ikiwa ukutani." Mnunuzi akisoma hivyo ama ananunua huku anajua, ama anaondoka. Yote mawili ni afadhali kuliko kifurushi kinachosafiri mara mbili.

Kasoro iko kwenye picha, haiko kwenye maandishi. Muuzaji hujitetea kwamba ufa unaonekana kwenye picha ya 7. Mnunuzi alitazama kwa simu yenye skrini ndogo na picha ya 7 hakuifikia. Usiache picha ibebe kasoro peke yake. Andika, halafu taja picha: "ufa wa sentimita 2 chini ya mkono wa jagi, tazama picha ya 7." Kila kasoro ipigwe picha mbili, moja ya mbali ionyeshe iko sehemu gani ya kitu, nyingine ya karibu ikiwa na rula pembeni. Picha ya karibu peke yake hutisha bure, kwa sababu mkwaruzo wa milimita 5 ukijaza skrini huonekana kama korongo.

Umetumia alama za daraja ambazo kila fani inazisoma kivyake. Hapa hata wauzaji wazoefu huteleza. Kwenye santuri, daraja la chini ya "karibu mpya" ni VG+, ikifuatiwa na VG (kifupi cha Kiingereza cha "nzuri sana"), na santuri yenye alama G, herufi ya neno la Kiingereza lenye maana ya "nzuri", ni santuri iliyochoka: inacheza, lakini mikwaruzo na kelele zinasikika nyimbo zikiendelea. Kwenye vitabu, G ni kitabu kilichosomwa, kimechakaa kwa kawaida, ila kurasa zote zipo. Anayenunua kiti au koti hajui lolote kati ya haya, na akiona neno lenye maana ya "nzuri" analichukua hivyohivyo. Basi tumia daraja pale tu ambapo fani ina daraja lake, taja ni la mpango gani, na chini yake bado eleza kasoro kwa maneno. Santuri na gamba lake hupewa alama mbili tofauti, na ni lazima useme kama uliisikiliza au uliitazama tu. Mkwaruzo unaoshikika ukipitisha ukucha mara nyingi huleta mlio au kuifanya sindano iruke. Ule wa juujuu usioshikika mara nyingi hausikiki.

Neno la "kama mpya" achana nalo kabisa kwa kitu cha zamani, isipokuwa hakijawahi kutolewa kwenye pakiti. Hata hapo, sema pakiti ilivyo, na kumbuka kwamba kukaa bila kutumika hakulindi kila kitu. Soli za viatu zilizotengenezwa kwa poliyurethani humeng'enywa na unyevunyevu wa hewa zikiwa ndani ya boksi. Kiatu ambacho hakijavaliwa hata mara moja kinaweza kupasuka soli hatua ya kwanza. Ibonyeze soli kwa kidole gumba kabla ya kuandika chochote. Ikiwa inanata au inabomoka, viatu hivyo ni vya kuwekwa kabatini, na tangazo liseme hivyo.

Hukuiona kasoro. Hii ni sababu ya mwisho kwa wingi, na ndiyo inayotajwa ya kwanza na kila muuzaji. Taa ya darini inaficha mabonde, mikwaruzo na rangi iliyopakwa juu ya nyingine. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa kitu mwanga upite juu ya uso wake, kisha izungushe polepole. Mbao zilizopigwa msasa, ubao mwembamba wa juu ulioanza kubanduka, chuma kilichonyooshwa baada ya kubonyea, vyote hujitokeza. Kwenye kauri, pitisha taa ya urujuanimno gizani: sehemu iliyojazwa au kupakwa rangi upya mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu inayoizunguka. Isipong'aa si uthibitisho kwamba hakuna tengenezo, kwa hiyo andika "sikuona dalili za tengenezo chini ya taa ya urujuanimno", usiandike "haijawahi kutengenezwa".

## Lalamiko: wanatazama, wanauliza, hawanunui

Wahenga walisema chema chajiuza. Mtandaoni hakijiuzi, maana mnunuzi hawezi kukishika. Maswali anayouliza ndiyo orodha ya vitu ulivyosahau.

Kinachosahauliwa zaidi ni vipimo na uzito. Andika urefu, upana, kimo, na kwa vyombo ujazo. Kinachofuata ni picha ya chini ya kitu: alama za kiwanda, skrubu, mikwaruzo ya kukaa na tengenezo huwa huko, na asiyeonyesha chini hudhaniwa anaficha. Swali likiulizwa na watu wawili, usilijibu mara ya tatu kwenye ujumbe. Lipeleke kwenye tangazo.

Sababu ya tatu ni ya wauzaji waoga. Wameorodhesha vumbi, alama za vidole, na kivuli kilichoonekana kwenye picha, hadi kasoro moja ya kweli imezama. Panga kasoro kwa uzito: zinazozuia matumizi kwanza, zinazoonekana kwa mbali zifuate, zinazoonekana kwa lenzi zije mwisho kwa sentensi moja. Na maneno "kinauzwa kama kilivyo" yakiwa peke yake hayakulindi. Majukwaa mengi hutazama kama kitu kinalingana na maelezo, na maneno hayo si maelezo.

## Lalamiko: "Rangi si hii"

Mara nyingi kosa ni mwanga mchanganyiko, yaani dirisha upande mmoja na balbu ya manjano upande mwingine. Zima balbu, sogea karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na weka karatasi nyeupe ndani ya picha ya kwanza. Karatasi ikionekana ya bluu au ya njano, picha inadanganya. Usitumie vichujio vya kung'arisha.

Sababu ya pili ni kufifia kusikolingana. Geuza pindo la pazia, inua mto wa kiti, fungua mshono wa ndani wa kola: rangi ya ndani ikiwa nzito kuliko ya nje, kitu kimefifia, na hilo ni la kuandikwa hata kama rangi ya nje inapendeza. Plastiki nyeupe au ya kijivu iliyogeuka njano nayo haitakiwi kuitwa "rangi ya krimu".

## Lalamiko: "Kinanuka"

Pua ya muuzaji huzoea harufu ya nyumba na stoo yake, ndiyo maana lalamiko hili humshangaza. Weka kitu ndani ya mfuko au boksi lililofungwa kwa saa 24, toka nje upate hewa, kisha fungua na unuse mara moja. Bora zaidi mpe mtu mwingine anuse.

Kwa wingi wake, sababu ni hizi: unyevu na ukungu, moshi wa sigara, vidonge vya nondo, manukato yaliyopulizwa kufunika hayo matatu. Andika harufu kwa jina lake na nguvu yake: "harufu ya moshi, inasikika ukiwa umbali wa mkono." Kupuliza manukato kunaongeza harufu ya pili tu. Kinachosaidia ni kupitisha hewa kivulini kwa siku kadhaa, au kukifungia kitu ndani ya boksi pamoja na bakuli la magadi ya kuokea au mkaa wa kufyonza harufu, bila unga kugusa kitu. Ukungu wenye vumbi hai la kijani au jeusi usiupigie brashi ndani ya nyumba. Vaa barakoa na ufanyie nje, na kitabu chenye ukungu kitenge na vingine.

Harufu mbili ni onyo. Ya kwanza ni ya siki kwenye mikanda ya filamu: hiyo ni plastiki ya asetati inayooza, na hairudi nyuma, inaenea hadi kwenye mikanda ya jirani. Ya pili ni ya kafuri kwenye vitana, vifungo, wanasesere na vipini vya zamani, inayoashiria seluloidi, plastiki ya kale ambayo hushika moto kwa kasi. Usijaribu kuithibitisha kwa sindano ya moto wala kibiriti, ingawa ushauri huo unazagaa.

Simama hapa: filamu za naitreti zilitengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zinawaka kirahisi mno, zinaendelea kuwaka hata chini ya maji, na zikiharibika hunata, hugeuka kahawia na kuwa unga. Ukikuta mikanda ya milimita 35 ya kipindi hicho isiyo na neno "SAFETY" ukingoni, usiitume kwa posta, usiionyeshe kwa projekta. Iweke mahali pa baridi penye hewa na uwasiliane na hifadhi ya nyaraka au kikosi cha zimamoto.

## Lalamiko: "Hakifanyi kazi"

Tatizo la kwanza ni neno "kinafanya kazi". Saa inayogonga ukiitikisa "inafanya kazi". Kamera inayotoa sauti ukibonyeza "inafanya kazi". Mnunuzi anaelewa kwamba saa inashika majira na kamera inapiga picha. Andika ulichojaribu, kwa muda gani, na usichojaribu.

*Saa ya mkono ya makanika.* Ijaze ufunguo, iweke sawa na saa ya simu, iache saa 24. Andika ilivyopotea: "ilichelewa dakika 4 kwa saa 24, ikiwa imelazwa." Taja kama unajua lini ilisafishwa na fundi, na kama hujui sema hujui. Tazama kwa lenzi kama uso umechorwa upya: herufi zenye unene usio sawa, alama za dakika zisizolingana na namba. Uso uliochorwa upya si aibu, ila asiyeambiwa atadai fedha zake. Usiandike "haipitishi maji" kwa saa yoyote ya zamani, hata ikiwa imechongwa hivyo mgongoni. Mipira ya ndani hukauka.

*Kamera.* Fungua shata kwa kasi zote, kuanzia sekunde 1. Kasi ndefu ndizo hukwama kwanza, mafuta yakiganda. Toa lenzi, fungua tundu lake hadi mwisho, mulika tochi upande wa nyuma ukitazama mbele. Nyuzinyuzi kama mizizi ni kuvu, ukungu mweupe sawasawa ni utando wa mvuke wa mafuta, na doa la rangi za upinde wa mvua ukingoni huwa ni vioo vilivyoachana kwenye gundi. Gusa sponji nyeusi kwenye mlango wa nyuma: ikibaki kidoleni kama lami, mwanga utaingia. Fungua kijumba cha betri utazame unga wa kijani au mweupe. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilipangiwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo zimeondolewa sokoni. Ukijaribu kipima mwanga kwa betri ya volti 1.5 kinaweza kusoma vibaya. Sema ni betri gani uliyotumia.

*Taa za mezani, feni, pasi.* Kinachosumbua zaidi ni waya. Chini ya kitambaa kizuri cha waya wa zamani mpira wa ndani huwa umekauka na kupasuka. Ukunje taratibu ukiwa haujachomekwa, ukisikia mlio wa kuvunjika au ukaona unga, tangazo liseme: "Waya umekufa, ubadilishwe kabla ya kuchomekwa. Sijakijaribu kwa umeme." Hilo ni tangazo halali kabisa. Majukwaa makubwa kama eBay yana hali maalumu ya vitu visivyofanya kazi au vya vipuri, na mafundi huvitafuta humo.

Simama hapa, usiguse:

- Redio za valvu (mirija ya kioo inayowaka ndani) na televisheni za zamani usizichomeke "kuona kama zinawaka". Kapasita zilizokaa miaka mingi zinaweza kupasuka, na nyingine hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa. Baadhi ya redio chasisi yake yote imeunganishwa na umeme wa ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi wa vifaa vya elektroniki anayezijua valvu.
- Saa zenye namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, za kabla ya miaka ya 1970, zinaweza kuwa na radiamu, elementi inayotoa mionzi. Kutong'aa si usalama: kinachokufa ni unga unaotoa mwanga, wakati radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue, na uulize mamlaka ya mionzi kabla ya kusafirisha.
- Barometa na vipimajoto vyenye zebaki havilazwi wala havitumwi kwa posta ya kawaida. Vikimwagika usitumie kifyonza vumbi.

## Lalamiko: "Kimefika na ufa"

Swali la kwanza ni kama ufa ni wa safari au ulikuwepo. Omba picha ya karibu ya ufa, ya boksi kwa pande zote, na ya vilivyojazwa ndani. Ufa mpya ni msafi na mweupe, na vipande vyake hukaa sawasawa. Wa zamani umeshika uchafu, chai au kutu, na mstari wake una rangi. Hii si sheria isiyovunjika, lakini inaamua kesi nyingi.

Ikiwa ulikuwepo, sababu ya kawaida ni kuchanganya mambo mawili. Mtandao wa mistari myembamba ndani ya ngozi ya kioo inayofunika kauri hutokana na ngozi hiyo na udongo wa chini kutanuka kwa viwango tofauti. Mara nyingi kitu bado kimeshikana. Ufa wa kweli hupita ukuta mzima na huonekana ndani na nje mahali palepale. Beba chombo juu ya ncha za vidole na ukigonge kwa ukucha: kizima hulia kwa mlio mrefu, chenye ufa hutoa sauti butu. Vyombo vizito vya udongo huwa butu hata vikiwa vizima, kwa hiyo linganisha na chenzake cha aina moja. Kwa tochi, mulika kutoka ndani. Andika aina ya mstari uliouona. "Mistari ya umri" haitoshi.

Chombo chenye mistari hiyo hunywa unyevu, na rangi za kung'arisha za zamani zinaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu. Kama hukukipima, kiuze kama pambo na useme kisitumiwe kwa chakula. Vifaa vya kupima vya nyumbani hutoa majibu yasiyotegemeka, na jibu la uhakika hutoka maabara.

Ikiwa kweli ni safari, tangazo halina kosa ila ufungaji. Kifuniko na chombo vifungwe mbali mbali, gazeti lijazwe ndani ya chombo, pande zote ziwe na walau sentimita 5 za vijazio, na kwa kauri au kioo boksi moja liingie ndani ya jingine. Tikisa. Kitu kikisogea, fungua uanze upya. Piga picha kila kasoro siku ya kufunga, si siku ya kutangaza, kwani kati ya siku hizo mbili mambo hutokea.

## Lalamiko: "Nguo hainitoshi" na "imechanika mara ya kwanza"

Saizi ya lebo ndiyo mkosaji wa kwanza. Saizi za miongo iliyopita hazilingani na za sasa, na nguo nyingi zimepunguzwa au kuongezwa na fundi cherehani. Laza nguo bapa bila kuivuta, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, bega hadi bega, mkono, na urefu kutoka msingi wa ukosi. Sema kama kipimo ni cha bapa au umezidisha mara 2. Watu hununua koti la nusu ya mwili wao kwa kukosa neno hilo moja. Ongeza upana wa pindo lililobaki ndani, kwa sababu anayeshona atataka kujua kama linaweza kuachiliwa.

Kuchanika ni habari nyingine. Inua nguo dirishani: matundu ya nondo, nyuzi zilizochakaa kwapani na matako, na mahali pa kufumwa upya vitaonekana. Kisha vuta kitambaa kwa vidole viwili taratibu sehemu isiyoonekana. Hariri za zamani zilizoongezewa uzito kwa chumvi za madini hupasuka mistari mistari zenyewe, hata zikiwa zimetundikwa tu, na hakuna kushona kunakoziponya. Lastiki iliyonyooshwa ikabaki ndefu imekufa. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa hadi mwisho.

Usifue nguo ya zamani "ili ipendeze kwenye picha" bila kujaribu rangi: lowesha pamba nyeupe, bonyeza kwenye mshono wa ndani kwa nusu dakika, kila rangi kivyake. Pamba ikipakaa, acha. Doa lisilojulikana nalo uliache na kulieleza. Kwa gauni la arusi, bendera, tarizi au kanga ya kale yenye thamani, mpigie mhifadhi wa nguo kabla ya maji. Ngozi inayoacha unga mwekundu mikononi imeoza kemikali. Mafuta huituliza uso tu, haiponi.

## Lalamiko: "Kuna unga chini ya kabati"

Matundu ya mviringo ya milimita 1 hadi 2 ni milango ya kutokea wadudu wa mbao. Matundu peke yake hayasemi kama wapo. Unga mpya, mkavu, wa rangi ya mbao safi, ndio unaosema. Safisha, weka karatasi nyeusi chini, tazama kwa wiki kadhaa, hasa msimu wa joto. Ukiona unga tena, usiuze bado: tenga samani hiyo na umwite mtaalamu wa wadudu. Kama hakuna unga, andika "matundu ya zamani ya wadudu kwenye miguu miwili ya nyuma, hakuna unga mpya uliotokea kwa wiki 6." Usiandike "imetibiwa" bila kusema kwa dawa gani.

Nondo kwenye vitu vidogo vya sufu huuawa kwa friza: funga ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, na uache mfuko umefungwa hadi kitu kirudie joto la chumba ili unyevu usitue juu yake.

Fanicha au midoli yenye rangi ya zamani inayobanduka usiipige msasa ili picha ipendeze. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani na kwenye midoli mwaka 1978. Iliyotangulia inashukiwa hadi ipimwe.

## Lalamiko: "Si cha miaka hiyo"

Muuzaji hupewa mwaka na familia iliyomuuzia, anauandika kama ukweli. Andika chanzo: "kwa maelezo ya familia" au "kwa alama ya chini." Halafu kagua vitu vinavyopinga. Msimbo wa mistari ya kuskani haukuwa dukani kabla ya 1974. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu 5 ni ya 1963 au baadaye. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Skrubu za bisibisi ya nyota zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930, hivyo kabati la "miaka ya 1890" lenye skrubu hizo ama limetengenezwa baadaye, ama limefunguliwa. Tazama kama matundu ya vipini vya zamani yamezibwa ndani ya droo.

Maneno nayo yana mipaka. Etsy huhesabu kitu kuwa cha zamani kikifikisha miaka 20, wakati fani ya vitu vya kale kwa kawaida hudai 100. Kitu kilichotengenezwa mwaka jana kwa mtindo wa 1950 ni cha "mtindo wa 1950", na neno mtindo liwe kwenye kichwa cha tangazo, si aya ya tatu. Kwa madini, alama ya EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha, na si fedha. 925 ni fedha ya sehemu 925 kwa 1,000. Manjano au wekundu kwenye ncha za kijiko ni mahali ambapo mpako umeisha, na kung'arisha zaidi kunaupanua.

Simama hapa: ukishuku pembe ya ndovu, gamba la kasa au ngozi ya mnyama anayelindwa, usitangaze hata kwa jina la "mfupa". Mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umetekelezwa tangu 1975, na nchi nyingi zina sheria kali zaidi yake. Umri wa kitu peke yake haukupi ruhusa. Usijaribu kwa sindano ya moto, unaharibu kitu na huthibitishi kitu. Mpelekee mtaalamu wa makumbusho au ofisi ya wanyamapori. Hali ni hiyohiyo kwa saini ya msanii na alama ya sonara: andika "ina saini inayosomeka hivi", piga picha, na uthibitisho umwachie mthamini mwenye leseni kabla hujapanga bei.